Afande Fadhul na Tumbo la Kaa

Afande Fadhul alipiga ngoma katika bendi ya magereza kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu akarudi kwake Nalufenya, mjini Jinja, Uganda, lakini vidole vyake vilikataa kustaafu. Vilipiga meza, vikapiga sinia, na siku moja msikitini vikapiga goti la jirani mpaka akaombwa kwa adabu ahamie safu nyingine.

Mwaka 1996 alikwenda Mbale kumwona bintiye Juwairiya, msaidizi wa maabara katika sekondari moja. Alibeba mkungu wa ndizi na kichupa cha dawa ya macho, kwa kuwa daktari alikuwa amemgundua kuwa na presha ya macho.

Alimkuta binti maabara, amenuna. Pembeni yake mwalimu wa baiolojia, Yekosofati, ameinamia kisahani utadhani anakiombea dua.

"Nini hicho?" Fadhul akauliza.

"Neva za tumbo la kaa, baba. Usicheke."

Alicheka. Yekosofati akamweleza hata hivyo: kaa husaga chakula tumboni, na usagaji huo huendeshwa na fundo dogo la chembe zisizofika hata arobaini. Alikuwa amelitoa likiwa bado limeungana na ubongo, akaliweka katika maji ya chumvi na kuliunganisha kwa waya na spika. Likawa linalia vizuri.

"Sasa mbona kimya? Limekufa?"

"Hapana, Afande. Sasa nimelitenga na ubongo. Ubongo ndio huliletea kemikali za kuliamsha. Nikipata dawa iitwayo pilokapini litaamka, ila hapa Mbale nimeikosa."

Adhuhuri ilikuwa imefika. Fadhul akatoa kichupa, akainua uso atie tone lake. Juwairiya akamdaka mkono.

"Baba! Hebu nisome hapo."

Ilikuwa pilokapini.

"Jicho langu au tumbo la kaa?" Fadhul akang'aka.

"Tone moja tu, Afande. Nakuomba," alisema Yekosofati.

Wakalichanganya na maji ya chumvi, wakamimina. Dakika ikapita. Spika ikakohoa, kisha ikaanza: tu, ta, ka. Tu, ta, ka. Fadhul akafumba macho, vidole vikadandia mezani.

"Hawa ni watatu," akasema. "Wa kwanza anaanza, wa pili anadakia, wa tatu anafunga. Halafu wanarudia."

Yekosofati akaacha kisahani, akamgeukia. Yeye utaratibu huo ulimchukua muhula mzima kuuona kwenye karatasi za vipimo.

Juwairiya akaosha dawa kwa maji mapya. Mdundo ukalegea, ukazima. Akairudisha, ukaamka.

"Na wapigaji hamjawabadilisha?"

"Chembe zile zile, Afande, na miunganiko ile ile. Dawa tu ndiyo imebadilika."

"Kama sisi wa bendi basi! Watu wale wale, asubuhi maziko, jioni harusi." Akafikiri kidogo. "Na mimi, inanipigia nini machoni?"

"Kwako inabana mboni tu, Afande."

Hilo lilimvunja moyo kidogo.

Alikuwa amekuja kukaa siku tatu. Akakaa wiki tatu, akiwafundisha wanafunzi kuhesabu mdundo kwa masikio. Aliporudi Nalufenya na kusimulia, majirani walisema uzee umeanza kumchezea. Ikabidi Juwairiya aandike barua yenye muhuri wa shule kuthibitisha kwamba baba yake kweli alisikiliza tumbo la kaa, tena akalielewa. Fadhul aliisoma kwa sauti mbele ya kila mgeni, hata asiyeuliza.