Madumu Kumi ya Olbalbal

Mke wangu alikuwa na duka, mimi nilikuwa na shamba. Ndivyo tulivyogawana kazi. Yeye alikwenda Karatu mjini kila asubuhi kufungua fremu yake ya duka, akauza shuka, kamba, tochi, sufuria na madumu ya maji. Mimi nilibaki kijijini Daa na maharage na mbaazi. Siku nilizomfuata dukani nilikaa nje juu ya gunia kama mteja mwingine, nikisubiri afunge turudi nyumbani.

Alipofariki, duka lilifungwa wiki saba. Sikutaka kuligusa. Halafu jirani yetu wa fremu ya pili, muuza vitambaa, akanipigia simu kwamba panya wameingia na wanatafuna shuka. Nikaenda kufukuza panya. Nilipokuwa nafagia, mtu akaingia akaomba kamba, nikamuuzia. Nilianza biashara namna hiyo, bila kuuliza kama ninaruhusiwa.

Ukutani, nyuma ya meza, kulikuwa na maandishi yake ya rangi ya bluu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Aliyaandika mwenyewe, amesimama juu ya kreti ya soda, baada ya kijana mmoja kununua shuka Ijumaa, kuivaa harusini Jumamosi na kuirudisha Jumatatu ikinuka nyama choma, akidai rangi haikumpendeza. Herufi zake zilianza kubwa, zikaishia ndogo, maana hakupima ukuta kabla ya kuanza. Nilikuwa nikimtania kwa hilo. Sasa nilizitazama kila siku.

Mwezi wa pili wa kukaa pale, siku ya mnada, akaingia mama mmoja wa Kimaasai, mtu mzima, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Nyuma yake dereva wa pikapu alishusha madumu matupu yaliyofungwa pamoja, akayatupa mlangoni. Yule mama alinitazama, akatazama nyuma ya meza, akauliza yuko wapi mwenye duka. Alimtaja mke wangu kwa jina.

Nilimwambia kwamba amefariki.

Aliinama, akaanza kuyakusanya madumu yake.

“Yeyo,” nilisema, maana mke wangu ndivyo alivyowaita akina mama wa Kimaasai wenye umri, “umekuja na nini?”

“Yameisha, mzee. Mimi sidai mtu aliyelala.”

“Basi nionyeshe tu.”

Akaninyooshea moja. Lilikuwa limepasuka kwenye mshono, kutoka mdomoni hadi kitakoni. La pili vilevile. La tatu vilevile. Yote kumi yalipasuka mahali pale pale.

Kidogo kidogo akanieleza. Anatoka Olbalbal. Kiangazi maji yako mbali, wanatoka na punda alfajiri na kurudi mchana. Akina mama kumi walichanga, kila mmoja dumu moja, wakamtuma yeye. Yalikaa yakisubiri kiangazi, na safari ya kwanza tu walipofika nusu ya njia kurudi, dumu la kwanza likapasuka, punda akashtuka kwa maji ya ghafla ubavuni, akakimbia. Kabla hawajafika nyumbani yalikuwa yamepasuka sita. Mengine manne yalimalizikia safari iliyofuata.

“Wenzangu wanasema nimewaletea makaratasi,” alisema. “Mmoja ananiita mama wa makaratasi. Mbele ya wakwe zangu.”

Nitasema ukweli. Nilipoliona lile dumu la kwanza, macho yangu yalikwenda ukutani. Nilifikiri: yameandikwa pale, na aliyeyaandika hayupo, na huyu mama mwenyewe amesema yameisha. Ningenyamaza tu, angeondoka. Nilikaribia sana kunyamaza. Kilichonizuia ni ule mshono. Mimi nimebeba madumu maisha yangu yote. Dumu zima halipasuki hivyo.

Nilimwomba aniachie yale mabovu. Nikaenda nyumbani na ile pikapu, nikatoa madumu yetu sita ya shambani, ya plastiki nene, nikampa ayatumie. Nikamwambia nitampigia.

Jirani muuza vitambaa alikuwa ameona yote. Huyu alimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake.

“Shemeji, wewe si mfanyabiashara,” alisema akikunja kanga. “Ukuta umeshaongea kwa niaba yako. Wewe unaupinga.”

“Mali ilikuwa mbovu.”

“Kila mtu anasema ni mbovu. Na huyo wa duka la jumla aliyewauzia, unadhani atakupa soda?”

“Sheria inasemaje?”

“Sasa mimi nitajua sheria wapi? Mimi najua mita na yadi.” Kisha akaacha kukunja. “Nenda halmashauri, kwa afisa biashara. Lakini vaa koti, shemeji. Ukienda na hilo sweta la shamba watadhani umekuja kuomba mbolea.”

Nilivaa koti. Ni lile la mazishi, sina lingine.

Afisa biashara alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Nililiweka dumu moja juu ya meza yake, na risiti ya duka la jumla niliyoikuta kwenye kopo la kahawa alimotunza mke wangu karatasi zake.

“Baba, yale maandishi ya ukutani yana mpaka wake,” alisema. “Mteja akibadilisha mawazo tu, rangi haimpendezi, hapo unaweza kukataa. Lakini kitu kikiwa kibovu, au kikishindwa kazi uliyomwambia mteja kwamba kitaifanya, huwezi kujificha nyuma ya ukuta. Unampa kingine au unamrudishia hela. Halafu na wewe unamfuata aliyekuuzia.”

“Na yeye ana maandishi kwenye risiti. Hayohayo.”

“Jibu ni hilohilo.”

Akaanza kuandika. Mimi nikaona ameshughulikia upande mmoja tu wa mambo yangu, na mwingine ungenisumbua usingizini. Nikamwambia kwamba leseni iliyo ukutani ina jina la marehemu, na mimi nauza kwa leseni hiyo mwezi wa pili sasa.

Aliweka kalamu chini. “Baba, hilo sikukuuliza.”

“Najua.”

“Leseni hairithiwi kama jembe. Ya kwako unaomba upya. Na mali yenyewe ya dukani si yako bado mpaka mirathi ifunguliwe. Hata kumdai huyo wa jumla, atakuuliza unamdai kama nani.”

Sikujua. Niliishia darasa la saba, na kwa akili yangu kitu cha mke ni cha mume, kwisha. Akanieleza taratibu: kikao cha ukoo kiandike muhtasari, cheti cha kifo, kisha Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe watu walione, asipotokea wa kupinga niteuliwe msimamizi. Akaniambia nifunge duka mpaka hapo. Nikalifunga siku hiyohiyo.

Sitaki kusema mengi kuhusu kikao cha ukoo. Nilifikiri watakuja kugombania shuka. Walikuja wakakaa, wakala, shemeji zangu wakasema dada yao alinipa duka siku alipoanza kuniachia funguo. Hilo halikuwa kweli, nikawaambia halikuwa kweli, hakuwahi kuniachia funguo. Wakacheka na kuniteua hivyohivyo. Mahakamani nilikwenda mara nne. Mara mbili nilirudishwa kwa kukosa karatasi, moja ikiwa kwa sababu jina lake kwenye cheti cha kifo halikufanana na la kwenye leseni. Nilipoambiwa hivyo nilikwenda kulirekebisha.

Miezi yote hiyo yule mama hakunipigia hata mara moja. Mimi ndiye niliyempigia. Kila mara aliniambia madumu yangu sita ni mazuri na niache kuhangaika. Lakini sita si kumi, na nilijua wapo wanne wanaongoja wenzao watumie kwanza.

Nilipopata barua ya usimamizi nilikwenda duka la jumla. Mwenyewe ni mtu mnene, mchangamfu, anayependwa. Alinipa pole ya mke wangu, pole ya kweli, akaniagizia chai. Kisha akaligeuza lile dumu mkononi.

“Haya ni ya nyumbani, mzee wangu. Ya jikoni. Wao wameyakaza kwa kamba juu ya punda. Mimi nimeuza dumu, sijauza tandiko.”

“Wateja wetu nusu ni wa punda. Unalijua hilo.”

“Najua mimi? Risiti inasema dumu la lita ishirini, kumi. Inasema punda?”

Haikusema. Nilimwomba tukutane kwa afisa biashara. Alikubali bila kinyongo, kama mtu aliyeona hana cha kupoteza.

Nilimpigia yule mama kumweleza ilivyokuwa. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo hakuwahi kulisema: siku ya kununua, dukani kwetu madumu yalikuwa yameisha, kwa hiyo alikwenda na “yule wa duka” mpaka stoo ya jumla kufuata haya kumi. Alikuwepo. Alisikia. Nikamwomba aje, akaja, akatumia siku nzima barabarani kwa ajili hiyo.

Tulikaa wanne: afisa, mwenye jumla, mama na mimi.

“Mama,” afisa alisema, “siku ile nani aliuliza kuhusu punda?”

“Yule wa duka.”

“Aliulizaje?”

“Alimwambia huyu baba: haya wanakwenda kufunga kwenye punda, yatabeba? Huyu baba akasema, yatabeba hata ngamia.”

Afisa alikuwa anaandika. “Yule wa duka ni nani? Nipe jina niandike.”

Mama alinyamaza, akatazama sakafu.

“Jina tu, mama. Ili ijulikane ni nani.”

Mwenye jumla akatoa kicheko kidogo, si cha ubaya. “Ona sasa. Shahidi hamjui hata mtu anayemshuhudia. Labda ilikuwa duka lingine, labda ngamia mwingine.”

Mimi nilikuwa nimesahau, na pale nikakumbuka. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba wateja wake wa Kimaasai, hasa watu wazima, jina la aliyekufa hawalitamki tena. Wanatafuta njia ya kuzunguka. Yule mama alilitaja mara moja, mlangoni, kabla hajajua. Tangu hapo ilikuwa “yule wa duka.” Heri ashindwe kesi, arudi Olbalbal kuitwa mama wa makaratasi, kuliko kulitamka.

Mimi si Mmaasai, desturi hiyo si yangu. Lakini tangu mazishi na mimi sikuwa nimelitamka. Mahakamani lilikuwa kwenye karatasi, nilikuwa nikilinyooshea kidole. Kwenye kikao cha ukoo nilisema “marehemu.” Mdomo ulikuwa unakataa tu.

Nikamwambia afisa kwa nini mama hawezi kulisema. Kisha nikalisema mimi, yote matatu, lake, la baba yake na langu. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya shuka, hakuniangalia. Hapa silitaji, kwa sababu yule mama ana mjukuu anayesoma, na anaweza kumsomea.

Afisa aliandika. Halafu akamgeukia mwenye jumla. “Hata ngamia?”

Yule bwana aliangalia dirishani.

“Mwezi uliopita nilinunua beseni kwako,” afisa alisema. “Ulinambia litabeba hata ngamia.”

Alicheka mwenyewe kwanza, akajipangusa uso. “Hilo neno ni langu,” alisema. “Dunia nzima inajua ni langu.” Kisha akaacha kucheka, akamwambia mama, “Alikuuliza, nami nilijibu. Nitayabadilisha.”

Afisa alisema yeye si hakimu, angekataa tungelazimika kwenda mahakamani. Akatuandikia karatasi ya makubaliano, tukasaini. Mama aliweka dole gumba.

Stooni kwake sikupokea madumu kwa macho. Nilijaza la kwanza maji bombani, nikafunga kifuniko, nikalilaza chini, nikalikalia. Mimi si mwepesi. Wapakiaji waliacha kazi kunitazama.

“Mzee, hilo ni dumu, si kigoda.”

“Likishindwa kunibeba mimi, punda atalipasua.”

Nililikalia kila moja. La saba lilitoa jasho kwenye mshono, nikalirudisha, wakanipa lingine. Mpaka leo hakuna dumu linaloingia dukani kwangu bila kukaliwa. Watu wa mnada wananitania, wengine huja kunitazama, na wakishacheka hununua.

Leseni mpya ina jina langu. Niliitundika chini ya ile ya zamani, ambayo sijaitoa, ingawa haina kazi tena. Maandishi ya ukutani nilitaka kuyapaka chokaa. Nilikwenda na ndoo na brashi, nikasimama juu ya kreti ileile, nikashuka. Rangi yake ya bluu ilikuwa imekauka koponi, kwa hiyo nilitumia nyekundu ya kuandikia magunia, nikaongeza chini yake: ISIPOKUWA NI MBOVU. Mwandiko wangu ni mbaya kuliko wake.

Mama alikuja mnada uliofuata kunirudishia madumu yangu sita. Alikuwa ameyaosha, ameyafunga vizuri kwa ukanda wa ngozi. Akauliza ukutani pameongezwa nini, maana hasomi. Nikamsomea mistari yote miwili.

“Wa chini ni wako,” alisema.

“Ndiyo.”

Aliutazama ule wa juu kwa muda, asiulize ni wa nani. Kisha akaomba kamba ya punda, mita kumi, na akataka nimwonyeshe kwanza kama haikatiki. Nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya mlango, nyingine nikampa yeye, tukavuta.