Kijia cha Mama Mkwe

Jina lake halisi liliandikwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Watu wote walimwita Futi, kwa sababu ile futi kamba ya kupimia nguo haikushuka shingoni mwake. Alikula nayo, alikwenda nayo msibani, na siku moja kinyozi alimuuliza kama ainyoe nayo au aiache. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha, akimshonesha matundu ya vifungo kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu, na sasa sketi ikitoka kwake ilimkaa mtu kana kwamba alizaliwa nayo.

Mkewe alikuwa muuguzi, na muuguzi si mwenyeji wa mahali popote. Leo yuko hapa, kesho barua ya uhamisho imefika, fungasha. Ilipofika, Futi hakubisha. Alipakia cherehani, watoto, sufuria, na mama mkwe, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumgomea. Kule walikotoka asingebaki na mtu wa kumtazama ila mdogo wake wa kiume, mzee mwenyewe wa kutazamwa.

Huko walikohamia, Futi alipokelewa kwa zipu. Ndivyo ilivyo: fundi mgeni hapewi kitambaa kipya. Hupewa zipu iliyokufa, suruali iliyofumuka makalioni, sare ya shule iliyomfupia mwenyewe. Alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la watu, akafumua na kuziba bila kununa. Polepole likaja shati, halafu gauni. Siku binti mmoja alipomletea kitambaa cheupe cha harusi, hakijaguswa na mkasi, Futi alirudi nyumbani akipiga mluzi, akamwambia mkewe, "Sasa tunaweza kujenga."

"Harusi ya watu inahusu nini na nyumba yetu?" mkewe aliuliza.

Lakini Futi alikuwa na haki kusema hivyo. Mtu hawezi kuchimba msingi mahali ambapo bado anaaminiwa kwa zipu tu.

Kiwanja walikuwa nacho tayari, kidogo lakini chao, nyuma ya zahanati alikofanya kazi mkewe. Nyumba ya kupanga waliyoishi ilikuwa vyumba viwili vyenye mlango mmoja, na waliopanga jirani walijua hata nani kati yao anakoroma. Cha kuazima hakisitiri, wahenga walisema, na wao walikuwa wamechoka kusitiriwa nusunusu.

Sasa lazima lisemwe jambo la Futi na mama mkwe wake, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Futi alimheshimu mama yule mpaka heshima ikapita kipimo. Hakumtazama usoni. Hakuketi naye benchi moja. Akitaka kumwambia neno alimpitishia mkewe: "Mwambie mama chai iko tayari." Na mama ameketi palepale, amenyoosha mkono kwenye kikombe.

"Mama, chai iko tayari."

"Mwambie nimesikia."

Muuguzi wa watu anarudi kazini miguu imevimba, kisha anafanywa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja. Mama akikohoa, Futi alitoka nje. Mama akiingia, Futi alikumbuka ghafla kwamba uzi mweusi umemwishia. Uzi mweusi aliokuwa nao ungetosha kushona giza.

Na alimpenda, hilo lisitiliwe shaka. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya kidole, akalelewa na wanaume watupu, mjomba na wasaidizi wake, kwenye chumba chenye harufu ya pasi ya mkaa. Huyu mama mkwe alipoingia nyumbani kwake, kulikuwa na mtu wa kuuliza nani hajala. Alimpenda kwa hilo kila siku. Lakini pendo lisilosemwa, mpendwa atalijuaje?

Mama hakulijua. Alichokuwa akisema, nusu utani nusu kweli, ni hiki: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mimi hata jembe siliwezi. Mkianza kujenga tu, narudi kwa mdogo wangu." Binti yake alikasirika, wajukuu wakamng'ang'ania magoti yaleyale mabovu, na Futi akaenda kununua uzi. Njiani aliiona siku ambayo mama angeteleza uani kwa yule mdogo wake, aite, na asisikiwe na mtu. Nyumba bila mama yule ndani yake, Futi hakuitaka. Ila kusema hivyo kwa mdomo wake, hapo ndipo ulimi ulipokuwa unakufa ganzi.

Basi akalisema kwa njia anayoijua. Kabla mwashi hajaja kupima, alikwenda kiwanjani na vigingi na mabaki ya utepe wa rangi, akaichora nyumba nzima ardhini kama anavyochora gauni mezani. Sebule utepe wa njano. Chumba chao kijani, cha watoto buluu. Mbele, kuelekea barabarani, chumba chake cha kushonea. Na pembeni mwa hicho, kwa utepe mwekundu, ule mzuri aliokuwa ameuficha kwa ajili ya nguo ya mtu maalumu, chumba cha mama mkwe. Tena alikiwekea jambo ambalo alilifikiria mpaka akakosa usingizi: kijia chembamba kando yake, chenye mlango wake wenyewe wa kutokea uani, mama apite bila kupitia sebuleni, asimkute mkwewe kwenye kochi amevaa fulana ya ndani. Futi alikitazama kijia kile akajisifu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake siku hiyo aliziona ndefu.

Siku ya mwashi ilipofika, mkewe aliitwa kazini ghafla kumshikia zamu mwenzake aliyeugua. "Nendeni wawili tu, mama akione chumba chake cha utepe mwekundu," alisema akivaa viatu. "Hamtakufa."

Wakaenda. Futi mbele, mama nyuma na fimbo yake. Kila alipomwona ameachwa, Futi aliinama kufunga kamba ya kiatu mpaka mama akakaribia, kisha akaondoka tena. Aliifunga kamba ile mara nyingi hivi kwamba mtu aliyekuwa akifagia nje ya duka lake alimshauri anunue ndara.

Mwashi walimkuta amekwisha fika. Waliomjua walimwita Timazi, mtu mfupi mpana mwenye sauti ya kuita watu walio juu ya paa hata akizungumza na aliye mbele yake. Futi aligeuza ndoo, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaiweka kivulini mwa ukuta wa jirani, akasogea mbali ndipo mama akaketi.

"Umeipamba kwelikweli," Timazi alisema akizunguka. "Hii nyumba au kigoda cha bibi harusi?" Akasimama juu ya utepe wa kijani, mguu huku, mguu huku. "Sasa kuta ziko wapi?"

"Si hizo unazozikanyaga?"

"Huu ni utepe, fundi. Ukuta ni tofali, na tofali lina tumbo." Akachukua tofali kwenye rundo la majirani, akaliweka juu ya utepe. Likauficha, likajaa ndani, likajaa nje. "Na bado hujalipiga plasta."

Futi alilitazama tofali lile kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi na kitu kisicho na unene. Kitambaa ukikichora mstari, mstari ndio mwisho wa kitambaa. Timazi alizunguka akipanga tofali hapa na pale, na kila alipoliweka moja, nyumba ilirudi nyuma, kama shati jipya linapofuliwa mara ya kwanza. Sebule ilivumilia. Chumba chao kilivumilia. Walipofika kwenye utepe mwekundu, Timazi aliweka tofali upande wa chumba cha kushonea, akaweka jingine upande wa kijia, na jingine mwisho wa kiwanja, kisha akasimama katikati akanyoosha mikono. Viwiko vilikaribia kugusa mahali pa kuta.

"Hapa kitanda kikiingia, mlango haufunguki. Kifanye stoo. Hapa mtu halali, labda alale wima kama ufagio."

"Kifanye stoo, mwanangu," mama alisema kutoka kwenye ndoo. "Mimi mwenyewe sitakuwepo."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Futi aligeuka kulia, akageuka kushoto, akimtafuta mkewe asiyekuwepo.

"Fundi," akamwambia Timazi, "mwambie mama chumba hicho ni chake, hakiwi stoo."

Timazi alimtazama yeye, akamtazama mama. "Si yule pale? Bwana wewe, mimi nimekuja kupima kiwanja. Sikuja kuwa simu."

Futi alijua kwamba akinyamaza sasa, basi amekwisha nyamaza. Kesho mama atafunga nguo zake kwenye shuka, atashukuru kwa wema wote, ataondoka. Alitembea mpaka kwenye ile ndoo, akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akamtazama mama mkwe wake usoni. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu pembeni. Alishtuka kwamba hakuwa amelijua hilo.

"Mama, usiondoke," alisema. "Nakuomba."

Mama aliilaza fimbo magotini. "Unataka nikae, na wewe huwezi kukaa nilipo? Nikiingia, unatoka. Nikikohoa, unatoka. Nikajisemea, kijana huyu ana adabu, hawezi kunifukuza, anangoja niondoke mwenyewe. Leo nimekuja nakuta nimechorewa na mlango wangu peke yangu, kama mpangaji. Nikaelewa. Mlango wa kutokea huo."

"Ile ni heshima, mama."

"Heshima hiyo imenikondesha."

Futi alitaka kucheka, akashindwa. "Mimi sikulelewa na mama," alisema. Maneno yalikuja yakikanyagana. "Sijui mtu anakaaje na mama yake ndani ya nyumba. Anasema nini, anaketi wapi. Nikaogopa kukukosea, nikaona nikae mbali ndiyo salama. Lakini nyumba hii nimeanza kuichora kwenye chumba chako. Utepe wa kwanza kuufunga ni ule mwekundu. Vingine vyote nimevizungusha hapo."

Mama aliutazama utepe mwekundu. Kisha akanyoosha fimbo. "Na hicho kijia ni cha nini hasa?"

"Cha wewe kupita uani bila kukutana na mimi."

"Kwani wewe ni mbwa mkali?"

Timazi, aliyekuwa akijifanya kuhesabu tofali, aliangua kicheko kikaenda mpaka barabarani.

"Na uzee wangu huu nijengewe njia ya panya nikimkimbia mkwe wangu! Watu watasema nimeiba nini? Wewe fundi unayecheka, kijia kikiondoka, chumba kinakuwaje?"

Timazi alikwishalijua jibu. Aliuondoa ukuta wa kijia, tofali moja moja, akautazama upana uliobaki. "Kinakuwa chumba cha mtu. Kitanda kinaingia, kabati linaingia, na wajukuu wakija kusikiliza hadithi wana pa kukaa. Ila mlango utafungukia sebuleni, kwa wenzako."

"Ufungukie. Nikimkuta na fulana ya ndani, nitafumba macho."

Futi aling'oa vigingi vya kijia kwa mkono wake. Vilitoka kirahisi, udongo ulikuwa mlaini. Aliviweka kando, asijue bado kama ameshinda au ameshindwa, kwa sababu mama alikuwa amesema chumba kiwe chumba, hakuwa amesema atalala humo. Hakuthubutu kuuliza.

"Basi dirisha tunaweka hapa," Timazi alisema akionyesha usawa wa kifua chake. "Kama mengine."

"Hapana," mama alisema. "Lishuke."

"Mama, huo ni ukuta wa barabarani. Wezi."

"Mwizi akichungulia ataniona nimemtolea macho, atasalimia aende zake. Lishuke, nasema."

"Likishuka mvua inaingia."

"Si unajua kujenga kinga ya mvua juu yake? Au umejifunza kujenga juzi? Na lisogee kidogo huku, jua la jioni lisinipige usoni nikiwa nimejilaza. Huku. Huku zaidi. Sasa umezidisha."

Timazi alisogea huku, akasogea kule, akilalamika kwamba hajawahi kuona dirisha lenye masharti mengi kuliko mahari. Mama hakumsikiliza. Alikuwa ameinuka nusu kwenye ndoo, fimbo imenyooka, sauti imepanda, na Futi alisimama na vigingi mkononi akiwatazama wakigombana. Mtu anayeondoka hagombei dirisha. Lilimwingia polepole, na lilipomwingia lote, kifua chake kikalegea.

"Lakini mama," Timazi alisema mwishoni, akijifuta jasho, "dirisha chini hivyo, unataka kuona nini?"

"Nataka nikiwa nimeketi kitandani, nione wanangu wawili wakirudi nyumbani."

Mama yule alizaa mara moja tu, akamzaa muuguzi. Futi aliujua ukweli huo kama anavyojua jina lake. Aligeukia barabarani akalia waziwazi, mabega yakimtikisika, na Timazi, ambaye kumbe naye alikuwa na haya, akaanza kutafuta tofali lisilopotea.

Mama alimwacha alie. Alipoona yametosha, akamwita mwenyewe, bila kumpitishia mtu.

"Ukimaliza, baba, njoo uniinue. Magoti haya yamelala."

Futi akaja, akampa mikono yote miwili.