Manila za Kifungua Mimba

Kama kuna mtu aliyejua kusema katika mtaa ule, ni fundi wa kushona sare za shule, yule mama waliyembandika jina la Bi Sindano. Jina hilo hakulipata kwa cherehani peke yake. Ulimi wake nao ulichoma. Kwa hiyo shule ilipotangaza kwamba somo la uchoraji litafutwa na chumba chake kigeuzwe stoo ya madawati mabovu, wazazi hawakuumiza kichwa. Walimfuata dukani kwake, wakamwambia yeye ndiye msemaji wao.

Alikubali upesi, maana kitinda mimba wake alikuwa haambiwi hasikii kwa rangi na brashi. Akamwomba kifungua mimba aandike barua ya wazazi. Binti huyo alifanya kazi kwenye duka la dawa, siku nzima akiandika juu ya bahasha ndogo vidonge vingapi na mara ngapi, na mwandiko wake ulikuwa wa kuonewa wivu. Aliandika ukurasa mzima bila kuinua uso: mtoto anayependa kuchora asinyimwe nafasi, na mzazi awe wa kwanza kumshika mkono. Akampa mama yake aisome, akaenda zake kuosha vyombo.

Bi Sindano aliisoma, na alipofika kwenye ule mstari wa mzazi akainua macho. Ukutani mbele yake, kwenye msumari, zilining'inia karatasi zake za kukatia nguo: mgongo wa shati, mkono, kola, kila kipande kwa kipimo chake, ili akikilaza juu ya kitambaa akizungushie chaki kisha apitishe mkasi. Zote zilikuwa za manila ngumu. Miaka kumi na miwili iliyopita aliishiwa karatasi, kazi imemkaba, akachomoa nyuma ya kabati michoro ya kifungua mimba, ambaye mwalimu wa sanaa alikuwa akimpa manila kubwa achoree. Akaikata. Alijiambia mtoto atachora mingine. Mtoto alichora mingine, na mama akaikata nayo. Binti hakununa wala hakulalamika. Aliacha tu kuchora. Mama akafurahi kwamba sasa atashika masomo ya maana, na tena, aibu iliyoje, alifurahi kwa sauti, mbele ya wageni.

Siku ya kikao cha wazazi shuleni alizitungua karatasi zile zote, akazitia kwenye mfuko.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, hodari wa kukataa kwa upole. Alieleza kwamba shule imebanwa na nafasi, na kwamba kuchora si lazima darasani, mtoto anaweza kuchorea nyumbani. Wazazi wakamgeukia msemaji wao. Bi Sindano alikuwa na hotuba kali, ameifanyia mazoezi wiki nzima huku akikanyaga cherehani, lakini kifungua mimba alikuwa amekaa safu ya pili, barua mapajani, na hotuba yote ikamtoroka.

Alimwaga vipande mezani, akavigeuza. Nyuma ya mgongo wa shati kulikuwa na uso wa bibi yao watoto, mama mzazi wa Bi Sindano, umekosa jicho moja. Jicho lenyewe lilikuwa kwenye kola. Alivipanga kimoja kimoja mpaka uso ukatimia.

"Mwalimu, unasema wachoree nyumbani," alisema. "Nyumbani ndiko nilikoikata mimi hii. Sare za shule yako zimekatwa kwa michoro ya mwanangu. Mwachieni mdogo wake mahali ambapo mkasi wangu haufiki."

Mwalimu mkuu aliinama kuutazama ule uso, kisha akasema chumba kitabaki, madawati mabovu yatatafutiwa pa kwenda. Wazazi wakapiga makofi. Bi Sindano alijihisi mwepesi, na papo hapo nafsi ikamsuta kwa wepesi huo, maana alikuwa ameungama kwa kila mtu isipokuwa yule aliyemkosea.

Watu walipotawanyika, kifungua mimba alikuja kumsaidia kukusanya. Mama alimwomba radhi kwa maneno machache, bila kumtazama usoni. Binti akasema hayo yamepita. Lakini moyo wa mama haukutulia. Ulitafuta pa kujishikiza, akaokota kipande cha mguu wa suruali, manila nyeupe pande zote mbili.

"Hii angalau sikuharibu kitu," alisema. "Ilikuwa tupu."

Binti aliipokea, akaigeuza, akaifuta vumbi la chaki kwa kiganja.

"Hii ndiyo ya mwisho niliyopewa na mwalimu," alisema. "Nilijua utaihitaji, mama, nikakuletea kabla sijachora kitu."