Wembe Mmoja kwa Watoto Sita

Shilingi elfu tisini na nne, nauli ya bodaboda kutoka Malangali ikiwemo: ndiyo bei niliyolipa kuambiwa kwamba siumwi, ila nina ugonjwa.

Nilikwenda hospitali kumchangia jirani damu, wakaikataa. Mimi mnunuzi wa ulezi, ninayekataa magunia ya watu kwa chembe mbili za mchanga! Wakapima, nikadai warudie. Homa ya ini, ile ya B.

"Mbona sijawahi hata kuwa na macho ya njano?" nilimuuliza daktari, binti wa Mbeya.

"Ndiyo hatari yake, mzee. Damu kutoka tumboni hupita kwanza kwenye ini, pamoja na chembe za chakula na vijidudu. Ini likipigana na kila kinachopita, hata ugali utakudhuru. Kwa hiyo limeumbwa livumilie. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi kinga hukitimua kirusi. Mtoto mdogo, kinga yake hukizoea."

"Sasa kimenyamaza humo?"

"Kinazaliana. Kinga ndiyo iliyonyamaza. Siku ikiamka ikaanza vita, kinachoumia ni ini lako. Makovu, hata saratani. Uje kila miezi sita."

"Tufanye mwaka."

"Miezi sita."

Mke wangu alipimwa, hana, akaanza chanjo. Nikashusha pumzi. Ndipo daktari akauliza, "Utotoni ulichanjwa chale?"

Kwetu Milepa, mama alitupanga sita kwenye mkeka, kila mmoja chale tatu kifuani, dawa ikapakwa. Wembe ulikuwa mmoja. Kwa nini anunue wa pili, na wa kwanza bado unakata? Ubahili huu sikuuokota sokoni. Nilikuwa wa nne. Nikahesabu waliotangulia, nikahesabu walionifuata, nikarudia kutoka nyuma. Kila mara nilikwama kwa kitindamimba wetu. Ana mimba ya miezi minane, na kliniki yao, anasema, hawajampima ini.

Jumapili baada ya misa nikafika nyumbani kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda, au wateja wamekujulia?"

"Mama, unakumbuka zile chale?"

Akacheka kwa fahari. "Nisikumbuke? Wenzangu walizika. Mimi nimelea sita, sijazika hata mmoja. Unadhani ni bahati?"

Kitindamimba wetu, aliyekuwa akipukuchua mahindi pembeni, akadakia: "Kaka, umekuja kuomba nyingine? Kifua chenyewe kimeshazeeka!"

Wakacheka. Nami nikacheka, mkono umeshika chini ya mbavu za kulia, mahali ambapo hapaumi kabisa. Nikanywa chai, nikaaga.

Daktari anasema mjamzito akiwa na kirusi hicho, mtoto achomwe sindano siku ileile anapozaliwa, asije akazoeshwa kama mimi. Zimebaki wiki nne, pengine tatu. Nikimwita kitindamimba faragha, atamuuliza mama. Nikimwambia mama, nitakuwa nimemwambia kwamba mkono uliotulinda ndio uliotuambukiza, na sina hata uhakika. Ninyi mliowahi kubeba neno kama hili hadi kwa mama yenu, mlianzia wapi? Nishaurini upesi.