Sauti ya Nane Mtoni Lukuga

Mama mukubwa wangu, Bibiane, alijulikana mji mzima wa Kalemie kwa masikio yake. Kwenye karatasi za Zaire, ambako kila mtu aliitwa mwananchi, aliandikwa Citoyenne Kalenga, lakini kwetu alikuwa Mama Bibiane wa telefoni. Miaka kumi na minne alikaa santrali ya simu akiunganisha watu, na mtu akisema "alo" tu, alikuwa amekwisha kumtambua.

"Bonjour, Citoyen Ilunga. Leo uko na mafua."

Halafu laini zikaanza kufa moja moja. Mwaka 1984 santrali ikafungwa, naye akaingia sokoni kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Aliuza vizuri, ila alikuwa amenyamaza. Nyumbani sote tuliona.

Mwaka uliofuata alifika Madame Odile, mtafiti kutoka Kanada. Alikuwa amekaa miaka tisa baharini akirekodi sauti za nyangumi, na sasa alitaka kujua viboko wa Lukuga wanasema nini chini ya maji. Alihitaji mtu wa kusikiliza kaseti na kuandika kila mlio. Wanafunzi wawili walijaribu, wakachoka. Ndipo Papa Siméon, mvuvi wa Zongwe aliyekuwa akimwendeshea mtumbwi wa motere, akamwambia, "Mutafute mama wa telefoni."

Siku ya kwanza Odile alimvalisha mama mukubwa vyombo vya masikioni, akamwekea kaseti ya nyangumi, bila kumwambia ni nini. Mama Bibiane, ambaye bahari hakuwahi kuiona, alifumba macho.

"Huyu anaita muntu wake," akasema. "Na yule muntu iko mbali sana."

Odile akamwambia ni nyangumi, na hakukosea. Kesho yake walianza kazi.

Kila asubuhi walishuka mtoni, wakatumbukiza maikro ya kunasa sauti majini. Odile aliwajua viboko wake saba kwa makovu na masikio yaliyochanika. Mama Bibiane aliwajua kwa sauti, akawapa majina ya watu aliokuwa akiwaunganishia simu. Dume moja lililokoroma kwa hasira aliliita Shefu wa Gare, mkubwa wa stesheni ya treni. Jike moja lenye maneno mengi likawa Mama Posta. Jioni alituigizia wote, tukacheka mpaka machozi. Alikuwa amerudi.

Juni 1987, akiwa mtumbwini, alinyanyua kidole.

"Madame, iko mwengine humu."

"Mama Bibiane, tunawahesabu tangu mwaka juzi. Wako saba."

"Munahesabu kwa macho. Huyu anajificha kwenye matete. Sauti yake nyembamba, na iko karibu na Mama Posta kila saa."

Walingoja asubuhi tatu bila kuona kitu. Odile akasema labda mashine ilikuwa na kasoro. Mama mukubwa alikasirika.

"Mashine haizae, Madame! Mimi nasikia mutoto."

Asubuhi ya nne matete yalitikisika. Mama Posta alitoka taratibu, na mgongoni kwake alikuwa amelala mtoto, mwekundu kama udongo wa tofali. Papa Siméon alifanya ishara ya msalaba. Odile alisahau kupiga picha. Alimkumbatia Mama Bibiane kwa nguvu hata mtumbwi ukayumba.

Walifanya kazi pamoja miaka minne zaidi. Septemba 1991, habari za uporaji zilipotoka Kinshasa, wageni waliambiwa waondoke, na Odile alipewa saa moja tu kufunga mizigo. Waliagana uwanja wa ndege, mikono imeshikana.

Baadaye wenye bunduki walishuka mtoni kutafuta nyama ya viboko. Tulisikia milio ya risasi tukiwa nyumbani, mtaa wa Kataki. Mama mukubwa aliingia chumbani, akafunga mlango, na kwa mwaka mzima hakukanyaga Lukuga.

Mwaka 1993 bahasha ilifika kwa boti kutoka Kigoma. Ndani mlikuwa na kitabu cha utafiti, na juu yake majina mawili: la Odile na la Bibiane Kalenga. Mama mukubwa alilipitishia kidole jina lake, polepole, mara nyingi.

Nilimuuliza anakumbuka nini zaidi. Nilidhani atataja yule mtoto.

"Kahawa," akasema. "Madame alikuwa anaimimina kwenye kifuniko cha thermos, tunakunywa watatu na Papa Siméon, ukungu ungali juu ya maji, na hakuna muntu anayesema kitu."