Kiti cha Kushoto

Bi Subiri alifika mgahawani saa tano na nusu, nusu saa kabla ya miadi, na sababu ilikuwa moja tu: kuwahi kiti. Meza yao ilikuwa ile iliyosogezwa hadi kwenye reli ya mbao, viti vitatu upande mmoja, vyote vikitazama maji. Alikitaka cha mwisho kushoto, kilichogusana na ukuta wa jiko. Alipokunja kona akamkuta Sauti amekwisha kukikalia, mkoba mapajani, katulia tuli kama mwenye nyumba. Ikabidi akae cha katikati, roho ikimuuma.

Wote watatu walikuwa maopereta wa simu, enzi zile mtu akitaka kuongea na mji wa pili lazima apitie kwa binadamu. Miaka ishirini na mbili walikaa bega kwa bega mbele ya swichibodi, wakichomeka nyaya na kuzichomoa. Yeye aliitwa Bi Subiri kwa ajili ya ile "subiri kidogo" yake, ambayo hata wenye haraka waliitii. Sauti aliitwa Sauti kwa kuwa wanaume walikuwa wakipiga simu kumuuliza saa ngapi, na saa wamezivaa mkononi. Wa tatu, Mama Pacha, alijifungua mapacha wake wiki moja baada ya zamu yake ya mwisho kabla ya likizo ya uzazi, na hadi leo anadai walizaliwa wakisema "haloo". Mwisho wa mwezi walikuja hapa hapa kula samaki, na kucheka kwao kulikuwa kunawageuza shingo wateja wote. Bi Subiri aliikumbuka miaka ile kwa uchungu mtamu. Wakati ule alikuwa anasikia minong'ono ya watu wanne kwa mpigo.

Sasa sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na hakuna aliyeambiwa. Miezi mitatu iliyopita, mezani hapo hapo, Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini kwamba mzee wake kalazwa. Bi Subiri akasikia "kalewa", akacheka hadi akapiga meza. Jioni Sauti akamtumia ujumbe wapange siku ya kwenda hospitali. Tangu hapo alikuwa anasingizia magoti ili asije, na hata baada ya mzee kupona na kurudi nyumbani, aibu ilikataa kumtoka. Leo alikuja kuaga. Afadhali wamkumbuke alivyokuwa kuliko kumwona akicheka misiba ya watu.

Mama Pacha alifika akihema. Kuona kiti cha kushoto kimekaliwa, uso ukamwanguka. Akaanza kulalamika kwamba jua litamchoma upande huu, ilhali mgahawa mzima ulikuwa chini ya bati. Sauti akajibu kwamba yeye naye hawezi upepo, na hakuinuka. Mama Pacha akaketi kulia kabisa, amenuna.

Bi Subiri akaona asichelewe. Akakohoa kidogo.

"Wenzangu, mimi leo ndiyo mwisho."

"Na mimi wa kukaanga," akasema Mama Pacha, macho kwenye maji, "lakini mwambie asiweke pilipili."

Bi Subiri akamkazia macho. Jibu la namna ile alilijua vizuri, maana miaka miwili mizima alikuwa akijibu watu vivyo hivyo: kwa ujasiri, na nje kabisa ya mada. Akamgeukia, akamshika mkono.

"Mama Pacha, ni lipi?"

Mama Pacha akatazama sahani tupu. Halafu akainua kidole polepole, akagusa sikio lake la kushoto. Bi Subiri akagusa la kwake. Walipomtazama Sauti, kidole chake kilikuwa kimetangulia.

Kumbe! Kile kisikizio cha chuma cha swichibodi, kilichowapigia kelele miaka yote, walikivaa kushoto wote, ili la kulia libaki wazi kumsikia msimamizi. Na wote watatu walikuwa wanakitaka kiti kimoja, ambacho ukikikalia, wenzako wote wanakuwa kulia kwako.

Walicheka hadi mwenye mgahawa akachungulia kutoka jikoni. Kisha Bi Subiri akaacha kucheka. Akaomba msamaha kwa siku ile, akaeleza yote, kalazwa na kalewa, machozi yakimlengalenga.

Mama Pacha akamsikiliza hadi mwisho.

"Ulicheka?" akauliza. "Mimi sikukusikia."

Samaki wakaja. Sauti alipofika nusu ya wake, Mama Pacha akainuka, akaenda nyuma yake, akamgusa bega la kulia. Ndivyo walivyokuwa wakipokezana zamu, bila neno, mtu asije akakata simu ya watu. Sauti akainuka na sahani yake, na Mama Pacha akateleza mahali pake. Baadaye Bi Subiri naye akaligusa bega la Mama Pacha, akaketi kando ya ukuta wa jiko, wenzake wote kulia kwake. Akawasikia wakigombania limau. Akasikia hata pumzi za Mama Pacha.

"Eti ulisema leo ndiyo mwisho wa nini?" Sauti akamuuliza.

"Wa kugombania kiti," akasema Bi Subiri. "Mwezi ujao tunaanza na Mama Pacha."