Neno Lililooza Sikioni mwa Tosha

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu karibu na Kalamba, mbwa wetu Tosha alinuka hadi kuku wakamhama kivulini. Sitii chumvi, mimi husema kitu kilivyo. Alinuka kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu.

Mama alimwosha kwa sabuni ya unga, kwa maji ambayo punda ameyabeba kutoka visima vya mchangani huko mtoni. Tosha alipokauka, harufu ilirudi na nguvu mpya, kana kwamba ilikuwa imepumzika tu.

"Basi," mama akasema. "Leo wamama wa maombi wanakuja hapa. Jioni mwenye mkokoteni akileta maji, ataondoka na huyu mbwa. Na sitaki kusikia kilio."

Nililia hata hivyo, tena kwa hasira. Nilipiga debe tupu teke, kidole cha mguu kikavimba. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa, na kila alipopata likizo alishukia Emali, akapanda gari hadi Kalamba, kisha akateremka njia yetu akipiga mluzi. Tosha aliusikia mluzi huo kabla yetu sote, akakimbia kumpokea. Ila mara ya mwisho baba alifika hadi mlangoni akamkuta amelala. "Huyu ni mbwa ama ni gunia?" akauliza. Tulicheka, yakaisha.

Aliyeendelea kufikiria ni Susu, nyanya yetu mzaa baba. Siku ile alikuwa amekaa nje akichambua ndengu.

"Huyo haoshwi," akasema. "Mbwa huwasikia aimu, wazee wetu waliokufa, wakipita wakizungumza. Amepewa neno, na hana mdomo wa kulisema. Limemwozea ndani ya sikio."

"Mwaitu," mama akamjibu, maana kwetu mama mkwe ni mama, "leo ni siku ya maombi. Tafadhali, aimu wangoje hadi kesho."

"Wao hawana haraka. Mwenye haraka ni wewe na mkokoteni wako."

"Sasa tufanye nini, Susu?" nikauliza.

"Litolewe. Lakini alitoe mtu asiyedanganya."

Kaka yangu Mutua, midomo bado inang'aa sukari ya wizi, akaangalia mawingu, na siku hiyo hakukuwa na wingu hata moja. Mama akakumbuka sufuria yake jikoni.

"Nitalitoa mimi," nikasema.

Nilimnusa Tosha kuanzia mkiani. Ndiyo, mkiani, kazi ni kazi. Mkia ulinuka mbwa tu. Mgongo, sawa. Mdomo, afadhali. Nilipofunua sikio la kulia nilirudi nyuma nikakalia ndengu za Susu.

"Umelipata!" akasema, akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

Alipasha maji yakawa vuguvugu, akatia chumvi kidogo, akanipa kitambaa safi. Yeye alimkumbatia Tosha, mimi nikapangusa taratibu uchafu mzito wa kahawia. Kisha kitu kikachungulia: suke la nyasi, kavu, lenye ndevu za kuchoma. Nikalivuta. Tosha akalia mara moja, akatikisa kichwa, akatupaka sote.

"Hili ndilo neno?" nikauliza kwa ukali, maana nilitarajia kitu kikubwa.

"Hilo lilikuwa mlango. Neno mtalisikia leo leo, tena ni jema."

Alasiri wamama wakaja. Katikati ya maombi, macho yamefumbwa, Tosha akabweka. Haikuwa sauti ya kufukuza mtu; ilikuwa ile nyembamba, kama anayeimba. Mama akafumbua jicho moja. Simu ya baba ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na hatukumtarajia kabla ya mwisho wa mwezi. Tosha alishapita lango, na ndipo sisi wenye masikio mazima tukausikia mluzi.

Maombi yaliisha bila amina. Huko njiani, aliyefika wa kwanza hakuwa Tosha. Alikuwa mama.

Jioni mwenye mkokoteni alipofika, alipewa chai na chapati mbili.

"Na yule mbwa?" akauliza.

"Mbwa gani?" mama akasema.

Susu akaniangalia. Tulijua sasa kwa nini mama alikimbilia sufuria alipotakiwa mtu asiyedanganya.

Sikusomea mifugo, shule niliacha mapema, mengine nikajifundisha mwenyewe. Najua lile lilikuwa sikio lililooza kwa sababu ya suke la nyasi. Majirani wakinijia kutafuta sabuni kali ya mbwa anayenuka, nawagombeza: mnuse kwanza! Tafuta harufu inatoka wapi, sikioni, kwenye meno, kwenye ngozi, chini ya mkia, halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kuosha mbwa mgonjwa ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

Kuhusu aimu, sibishani na mtu. Lakini siku ile, kati yetu sote, ni Susu peke yake aliyeona kwamba mbwa ana jambo la kusema. Ndiyo maana hadi leo, nikimfunua mbwa sikio, kabla ya kunusa huwa nasikiliza.